Sifuri ya Taifa

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba mimi ni mtumishi mtiifu na sina ugomvi na mtu. Nchi yangu ni nchi nzuri. Ina jina pia, ila jina lenyewe lilipelekwa kwenye kamati miaka tisa iliyopita ili litafutiwe lililo bora zaidi, na kamati bado inakutana, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema tu "nchi yetu".

Naitwa Shomari, karani wa mapokezi ya sampuli, Maabara Kuu. Mtu akileta maji, udongo, samaki au damu ipimwe, mimi ndiye ninayepokea, nabandika lebo, naandika daftarini, kisha napanga vichupa kwenye sinia ya mashine. Ni kazi ya mtu asiye na makuu. Miaka kumi na minne sijawahi kukosea lebo hata moja, waulizeni hata wale wasionipenda.

Nasimulia haya ili watu wajue jinsi serikali yetu ilivyoondoa sumu mtoni kwa siku moja tu, bila kuyagusa maji. Nchi nyingine zinahangaika miaka na mikaka na jambo hilo. Sisi tulihitaji asubuhi moja na matarumbeta.

*

Mashine ya kupimia madini, ile wanayoiita spektromita, ilikuwa imekaa miaka mitatu ndani ya sanduku lake ikisubiri kuzinduliwa, maana kwetu kitu kisichokatiwa utepe huhesabiwa hakijafika. Bi. Pulkeria, mkemia wetu, alikuwa akipita pale kila siku anaugonga ubao wa lile sanduku kwa kidole na kusonya. Ni mwanamke mfupi, koti lake jeupe limejaa madoa ya tindikali, na mdomo wake haujui cheo cha mtu. Alikuwa na haraka. Sehemu ya juu ya Mto Mwendapole, ambao mji mzima unakunywa, palikuwa pamefunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na tangu hapo maji yalikuwa na rangi ya chai iliyoingia majivu. Bi. Pulkeria alisema yana madini ya risasi. Akaambiwa hawezi kusema hivyo bila mashine. Akasema basi fungueni mashine. Akaambiwa asubiri utepe.

Siku ilifika. Mheshimiwa Mtengeti, Waziri wa Maji na Uangavu, alikuja na mkasi wake juu ya mto wa hariri na msaidizi wa kumshikia miwani. Alikata utepe mara tatu, kwa sababu wapiga picha wawili wa kwanza hawakuridhika. Kisha akamgeukia Bi. Pulkeria.

"Haya mama, hebu tuonyeshe inavyofanya kazi."

"Mheshimiwa, sampuli inapulizwa ndani ya moto huu," akasema Bi. Pulkeria. "Taa hii inapitisha mwanga wake katikati ya moto. Kama sampuli ina risasi, ile risasi inaumeza mwanga, na mashine inatuambia umemezwa kiasi gani. Lakini kwanza tunaionyesha maji matupu, yasiyo na kitu kabisa, ili ijue sifuri ni nini. Yanakaa kwenye kichupa cha kwanza cha sinia. Vichupa vyote vingine vinapimwa dhidi ya hicho cha kwanza."

"Na hayo maji matupu mnayatoa wapi?"

"Tumeagiza nje, Mheshimiwa. Tuna chupa mbili."

Mkurugenzi wetu, Bwana Lutengano, alianza kutazama viatu vyake.

"Nje," akasema Waziri taratibu, kama mtu anayeonja kitu kichachu. "Yaani mto waliotuachia babu zetu unahukumiwa na maji ya chupa ya watu? Ndugu zangu, tulipigania bendera, tukaipata. Tukatunga wimbo, tukauimba. Kumbe sifuri tuliisahau! Taifa lisilo na sifuri yake lenyewe linahesabia vidole vya jirani. Naagiza, na naagiza mbele ya kamera, kuanzia leo sifuri ya nchi hii itoke nchini."

Wakapiga makofi. Dereva akatumwa mtoni na birika la chai.

"Mheshimiwa," Bi. Pulkeria akasema, "ukiyatia maji ya mto kwenye kichupa cha kwanza, mashine itaona hayana kitu. Hata yakiwa na sumu ya kuangusha ng'ombe, itaona hayana kitu."

Waziri akawageukia waandishi wa habari. "Mmemsikia mtaalamu mwenyewe. Hayana kitu."

Birika likaletwa. Mimi ndiye niliyeyamimina kwenye kichupa cha kwanza, na wakaniambia nimimine tena mengine kwenye cha pili ili mto upimwe. Mashine ikawaka, ikanguruma kidogo, ikaandika: 0.00. Matarumbeta yakapigwa. Mto ukawa safi saa nne na dakika ishirini asubuhi, na mimi nilipiga makofi kwa nguvu kwa sababu niliona Mkurugenzi ananitazama.

*

Tatizo la kwanza lilikuwa mvua.

Bibi mmoja wa mtaa wa Mtoni alileta chupa ya maji aliyokinga kwenye bati lake. Tukayapima, mashine ikaandika hasi arobaini. Bwana Lutengano alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hasi? Maji gani haya yanathubutu kuwa chini ya taifa?"

"Maji masafi," akasema Bi. Pulkeria.

"Ni maji pungufu, Bi. Pulkeria. Tutumie lugha ya kitaalamu."

Ndani ya wiki mbili ikazinduliwa Operesheni Jaza Pengo. Maofisa walipita nyumba kwa nyumba na gari la maji ya mto, na kila aliyekutwa na tangi la mvua aliongezewa ndoo mpaka maji yake yapande yafikie sifuri. Waliobisha walishtakiwa kwa kumiliki maji pungufu kwa makusudi. Kuna mzee aliyefungwa miezi mitatu kwa sababu ya mtungi.

Mimi nilikuwa na tangi. Tangi la plastiki, lita elfu, lenye mfuniko na bomba, nililolinunua Siwema alipozaliwa. Siwema ni binti yangu, wa pekee, wakati huo ana miaka mitano, mwenye maneno mengi na mwenye kuhesabu kila kitu anachokiona: ngazi, kuku, vifungo vya shati langu. Alikuwa anafika mia bila kupumua.

Bi. Pulkeria alinivuta kando ya stoo. "Shomari, usiweke yale maji kwenye tangi lako. Una mtoto."

"Bi. Pulkeria," nikamjibu, "ndiyo maana naihitaji hii kazi."

Jibu hilo nililiona la busara sana siku ile. Naliandika hapa ili mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani.

Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Maabara Kuu, operesheni ilizinduliwa nyumbani kwangu. Kamera zilikuja, Waziri alikuja. Kipimo kilikuwa ndoo mbili. Nikatia nne. Nilitaka waone. Mke wangu, Mama Siwema, alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni, ananitazama tu. Kisha wakamtaka mtoto anywe kikombe kimoja kwa ajili ya picha, na Siwema, aliyekuwa amesukwa tangu alfajiri, akanywa chote, akajifuta mdomo kwa mkono na kusema, "Tamu!" Nilikuwa nimemfundisha.

Picha hiyo ikatolewa kwenye kalenda ya Wizara. Iko kwenye kila ofisi ya nchi hii: mimi na ndoo, Siwema na kikombe. Watu walinisalimia barabarani. Niliona fahari, siwafichi.

*

Miezi minne haikupita tumbo likaanza kumsokota. Halafu akawa hataki kula, halafu akawa anatapika, halafu akawa mtoto wa hasira, anayepiga paka na kulia bila sababu. Tukasema ni minyoo. Tukasema ni jicho la watu, kwa sababu ya kalenda. Siku moja nikiwa navua viatu alianza kuhesabu vifungo vyangu, akafika vinne, akaniangalia.

"Baba, baada ya nne kuna nini?"

"Tano, mwanangu."

"Aa," akasema, na hakuendelea.

Nilimpeleka hospitali nikiwa nimembeba mgongoni. Daktari akamfunua ufizi, akaona mstari wa bluu, akafunga mlango kabla hajasema neno. "Ndugu yangu, mtoto ana risasi mwilini. Dawa ya kuitoa ipo, iko kwenye lile kabati la chuma pale duka la dawa. Lakini kuna waraka. Kabati halifunguliwi mpaka mgonjwa awe na cheti cha Maabara Kuu chenye namba iliyo juu ya sifuri, na muhuri wa Mkurugenzi."

"Maabara Kuu ndipo ninapofanya kazi," nikamwambia. Wallahi nilicheka kwa furaha. Nilidhani nimebahatika.

Akanitolea damu ya mtoto kwenye kichupa, nikaondoka nacho mfukoni, nimekishika kwa mkono njia nzima ili kisipoe.

*

Sikuwa peke yangu. Asubuhi ile pale mapokezi walikuwa wamejaa kina mama wa Mtoni, kila mmoja na damu ya mwanawe na karatasi ya daktari. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kupiga simu Wizarani kuuliza: maji yana sifuri yake, je, damu? Maana damu hailinganishwi na mto, hata kwetu. Waziri akajibu anakuja mwenyewe, na mashine isiguswe.

Basi mimi nikapanga vichupa kwenye sinia, tayari kwa ujio wake. Na hapa ndipo nilipofanya nililofanya. Nilivitazama vile vichupa sitini na kitu, nikawaza: mashine ikikatika umeme katikati je? Vyeti vikiisha je? Mimi ni karani wa hapa miaka kumi na minne, sijawahi kujipendelea hata siku moja, leo nitampendelea mwanangu. Nikakichukua kichupa cha Siwema nikakiweka cha kwanza.

Cha kwanza, wenzangu. Mahali pa sifuri. Mtu ninayepanga sinia kila siku ya Mungu! Palikuwa pameachwa wazi kwa kuwa tulikuwa tunasubiri amri, na mimi nilichoona ni nafasi tu ya mbele kwenye foleni.

Waziri akaingia. Akaitazama sinia, akanyoosha kidole. "Hiki cha kwanza ni cha nani?"

Bwana Lutengano akainama akasoma lebo, uso ukamng'aa. "Mheshimiwa, ni cha mtoto wa kwenye kalenda!"

"Yule wa kikombe?"

"Huyo huyo."

Waziri akafumba macho kidogo. "Ndugu zangu, mnaona mambo yanavyojipanga yenyewe? Tunatafuta damu ya kawaida ya nchi hii. Nani wa kawaida kuliko mtoto wa mtumishi mtiifu, anayekunywa maji ya kawaida, kwenye kikombe cha kawaida? Damu ya Siwema ndiyo Sifuri ya Taifa."

Nikasema, "Mheshimiwa, samahani, mtoto ni mgonjwa." Nadhani nilisema. Matarumbeta yalikuwa yameanza.

Bi. Pulkeria alisema kwa sauti kubwa zaidi. "Huyu mtoto anakufa! Damu yake ndiyo yenye sumu kuliko zote! Mkimweka yeye kuwa sifuri, hakuna mtoto wa nchi hii atakayeonekana mgonjwa!"

"Ndilo lengo la serikali yoyote," akasema Waziri kwa upole, na msaidizi akamvisha miwani ili asaini.

Mashine ikawashwa. Watoto wote wa Mtoni wakatoka hasi: hasi tano, hasi kumi na mbili, hasi tisa. Kina mama wakapewa vyeti vyao. Mmoja aliniuliza, "Kaka Shomari, hasi ni nzuri au mbaya?" Nikamwambia aende nyumbani.

*

Kesho yake nilipokea barua iliyotiwa fremu. Ilisema kwamba kwa kuwa binti yangu sasa ni kipimo rasmi, ni marufuku kumpa dawa, chanjo, maji au chakula kitakachomtoa kwenye hali yake ya kawaida, ili hesabu za nchi zisije zikayumba. Askari wawili waliwekwa getini. Kila Jumatatu gari lenye bendera lilikuja kumchukua atolewe damu mpya, kwa sababu sifuri ikikaa sana inaganda. Wakati wa kupita, magari mengine yalisimama. Siwema alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, mdomo wazi.

Mama Siwema alikuwa hasemi nami. Akitaka chumvi alimwomba jirani. Siku moja tu alizungumza, akiwa anamfulia mtoto shuka aliyotapikia. "Shomari, kuna wanaume wanapigana na simba kwa ajili ya watoto wao. Wewe umempa mwanao cheo." Akaendelea kufua. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia mpaka nikatapika mwenyewe.

Lakini nchi ilikuwa inapata nafuu. Lazima niseme ukweli huo. Kila Jumatatu namba zilishuka. Watoto waliokuwa hasi kumi wakawa hasi ishirini, wakawa hasi thelathini. Redio ilitangaza kwamba madini ya risasi yanakimbia miili ya wananchi kwa kasi isiyowahi kuonekana. Wageni walialikwa waje wajifunze. Na mwisho wa mwezi mimi nilijaza taarifa ya kwenda bohari kuu ya dawa, kama kawaida yangu, kwa mwandiko mzuri. Idadi ya wenye namba juu ya sifuri: 0. Nikasaini. Niliandika kile mashine ilichosema, kama nilivyoandika miaka yote.

Wiki ya tisa Bi. Pulkeria aliniita kwenye meza yake. Alikuwa na karatasi mbili. Zilikuwa za Chausiku, binti wa dada yangu, anayeishi mlimani huko juu anakunywa maji ya chemchemi. Gari la Operesheni lilishindwa kupanda mlima, basi watu wa huko waliachwa na maji yao, na Wizara ilikuwa ikimpima yule mtoto kila wiki kama mfano wa wananchi pungufu.

"Wiki ya kwanza, hasi thelathini na nane," akasema. "Wiki hii, hasi sitini na moja. Chausiku kabadilika nini?"

"Hakuna. Nilimwona Jumapili, mzima, anapanda miti."

"Haya. Kama yeye hajabadilika, nani kabadilika?"

Nilikuwa nimeshaelewa lakini sikutaka liingie.

"Hashuki Chausiku, Shomari. Inapanda sifuri. Damu ya mtoto wa mlimani haina risasi ya kutajika. Kwa hiyo geuza hesabu." Akaandika kwa penseli pembeni, namba kubwa, 61, akaizungushia duara. "Hiyo ndiyo damu ya mwanao. Wametuandikia wenyewe kwa muhuri wao. Bila dawa, akipita sabini, ataanza degedege, na hiyo degedege haitamwacha."

Nikatazama ile namba. Kumbe kila redio ilipotangaza nafuu, ilikuwa inanisomea mimi jinsi mwanangu anavyokwenda. Na mimi nilikuwa nimeziandika zote daftarini, kwa mstari ulionyooka.

*

Jumatatu iliyofuata nilifika maabara mapema kuliko mfagiaji. Nikapanga sinia. Kichupa cha kwanza, mahali pa sifuri, nikaweka damu ya Chausiku. Cha Siwema, kilicholetwa alfajiri na gari la bendera, nikakishusha cha pili. Kisha watoto wa Mtoni, sitini na watatu. Nilibandua lebo ya SIFURI nikaibandika kwa Chausiku, ikakaa upande upande. Ndiyo lebo pekee niliyowahi kuikosea.

Bi. Pulkeria akaingia. Akaitazama sinia. Akaitazama ile lebo. Akavua miwani yake, akaitia mfukoni.

"Macho yananiuma leo," akasema. "Sioni vizuri. Washa mwenyewe."

Nikawasha. Moto ule wa bluu ukasimama, taa ikapitisha mwanga wake, na mashine ikaanza kuandika. Siwema Shomari: 64. Halafu watoto wa Mtoni, mmoja mmoja: 34, 27, 30, 33, 31. Hakuna hasi hata moja. Printa ilichapa vyeti, vingine vikaanguka chini, na vyote vilikuwa tayari na muhuri, maana Bwana Lutengano alikuwa akigonga vyeti vitupu kila Ijumaa ili Jumatatu awahi semina. Majibu yalikuwa yanajulikana, kwa nini asubiri?

Bi. Pulkeria alisimama katikati ya zile karatasi, analia wazi wazi kama mtoto, huku anaziokota. "Nenda," akaniambia. "Nenda, mimi nitawagawia kina mama. Nenda kabla simu haijalia."

Nilikimbia. Mtu wa miaka arobaini na minane, na tai shingoni. Gari lenye bendera, ambalo hutembea kwa mwendo wa maandamano, lilikuwa ndiyo kwanza linamrudisha mtoto kutoka kutolewa damu. Nikawaonyesha askari cheti chenye muhuri, wakapiga saluti kwa muhuri, nikamtoa Siwema nikamweka mgongoni. Mama yake akatoka pekupeku, hakuuliza, akanifuata. Njiani kina mama wa Mtoni walianza kutokea kila uchochoro na vyeti vyao mkononi na watoto migongoni, na tulipofika hospitali tulikuwa umati. Hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa tunahema tu.

Mfamasia ni bwana mmoja mwembamba anayeitwa Ngoda. Alikisoma cheti changu mara mbili, akagusa muhuri kwa ulimi kuona kama ni wino wa kweli.

"Sitini na nne," akasema. "Juu ya sifuri. Muhuri upo. Sina kipingamizi." Akawaita askari wawili wa kabati, kila mmoja na ufunguo wake, na wa tatu alikuwa nao yeye shingoni. Kufuli ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa na kutu, ikabidi atie mafuta ya taa. Mama Siwema alinishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile barua.

Mlango ukafunguka.

Rafu nne. Zimefutwa vizuri, zinang'aa. Hapakuwa na boksi, hapakuwa na chupa, hapakuwa na hata vumbi. Nimeishi na kusikia habari za kitu kisicho na kitu ndani yake miaka kumi na minne, na siku ile ndiyo nilikiona kwa macho.

"Dawa zilikuwepo," akasema Ngoda, akijitetea. "Mwezi uliopita bohari kuu walizichukua wakazirudisha zilikotoka, kwa sababu hakuna wa kupewa. Na mpya hazikuagizwa. Waliagiza kulingana na mahitaji ya nchi. Taarifa hii hapa." Akachomoa karatasi nyuma ya mlango wa kabati akanionyesha, ili nisije nikasema anadanganya.

Idadi ya wenye namba juu ya sifuri: 0. Mwandiko mzuri, uliolala kidogo upande wa kulia. Sahihi yangu.

"Unaweza kujaza maombi mapya," akasema. "Yakipita kamati, kama miezi minane hivi."

Nyuma yetu kina mama walikuwa wanauliza, "Vipi? Kuna nini ndani? Mbona hamtoi?" Mama Siwema aliisoma ile karatasi yote, mpaka chini, mpaka jina. Kisha akauachia mkono wangu.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Alikuwa mwepesi sana. Jua lilikuwa kali. Tulipoingia uani, pale penye tangi, Siwema akainua kichwa begani mwangu.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nina kiu. Nipe maji."